Barua Iliyosema Nimezaliwa Koboko

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu kutoka Koboko na mwanamke nisiyemfahamu. Aliniambia, kwa mpangilio huu, kwamba Haboba Zainabu amevunjika mguu akimfukuza mbuzi wa jirani, kwamba amelazwa, kwamba mbuzi ni mzima, na kwamba mgonjwa ameagiza niende na chumvi kwa sababu supu ya pale haina ladha. Haboba ni bibi kwa lugha ya Wanubi, na Zainabu aliitwa hivyo na kila mtu, hata na wazee waliomzidi umri. Nilipokata simu sikwenda jikoni kutafuta chumvi. Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikatoa bahasha ambayo nimehama nayo nyumba nne ndani ya Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ndani yake mna karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, yenye muhuri wa rangi ya zambarau, inayosema kwamba mimi nimezaliwa Koboko, nyuma ya soko. Mimi nimezaliwa Morogoro, Tanzania. Koboko niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na saba, na kufikia siku hiyo barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, kusomwa na kutumika.

Nilifika Arua mwaka mmoja kabla ya hapo, muuguzi mwenye cheti na mkoba mpya. Mkoba huo ni muhimu. Wenzangu wa Morogoro walinifanyia sherehe mbili za kuniaga, ya kwanza kazini na ya pili nyumbani kwa dada mkuu wa wodi, na katika zote mbili nilitoa hotuba. Nilisema nakwenda mahali ambapo wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi, na kwamba wasinitarajie kurudi. Watu walilia. Mtu akishaagwa kwa namna hiyo hawezi kurudi baada ya miezi michache na mkoba uleule, akasimama mlangoni na kusema hujambo. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya Metroni wa hospitali yangu mpya, hospitali ndogo ya misheni ambayo sitaitaja kwa sababu imebadilika sana na haistahili kubebeshwa mambo yangu, nilimsikiliza kwa makini sana. Metroni alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso na kuitafuta mezani. Alisema, "Sista Rehema, nakupa wodi ya wanawake kwa mwaka mmoja wa majaribio. Ikinyooka, nitakuandikia barua ya kukuthibitisha. Isiponyooka, nitakuandikia barua ya kukushukuru." Nilimwambia itanyooka. Nilisema hivyo kabla sijaiona.

Nilipanga chumba mtaa wa Mvara, katika nyumba ya matofali iliyotazamana na njia ya wanafunzi. Kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lisilofunga vizuri, ambalo kila asubuhi lilinipa habari zote za wapita njia. Sikuwa na redio na sikuihitaji. Nilikuwa na tabia, ambayo bado ninayo, ya kuandika katika daftari dogo kila ninachokisikia, pamoja na saa. Kiswahili changu walikielewa, ila kiliwachekesha. Mwanamke aliyeniuzia muhogo sokoni alinisikiliza nikiomba kupunguziwa, kisha akamwambia mwenzake, "Hii naongea kama kitabu ya kanisa. Mupatie ile mukubwa." Nilipata muhogo mkubwa, nikaandika: saa mbili na nusu, soko, ushindi.

Wodi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda kumi na viwili, sita kila upande, na hakuna viwili vilivyotazama upande mmoja. Siku yangu ya pili nilifunga uzi kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, nikavisogeza vitanda kimoja kimoja mpaka miguu yake ikagusa uzi. Ayikoru, muuguzi mwenzangu, msichana wa Kilugbara aliyecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, alinisaidia kusukuma bila kuuliza swali. Baadaye niligundua alikuwa anacheka tangu kitanda cha kwanza. Kufikia jioni nilikuwa na jina. Nililisikia kupitia dirisha la ofisi yangu ndogo, mahali ambapo nilikuja kusikia karibu kila jambo la maana mwaka ule. Waliniita Sista Kamba.

Nje ya dirisha hilo palikuwa na banda la mabati lenye mafiga, na chini yake waliishi watu wa wagonjwa. Hivyo ndivyo walivyoitwa, watu. Hospitali ilitoa dawa, kitanda na godoro. Shuka, beseni, sahani, kikombe, chakula, maji ya kuoga, kugeuzwa upande na kusindikizwa chooni vilitoka kwa mtu wako. Mgonjwa alipofika mapokezi, kabla ya kuulizwa anaumwa nini, aliulizwa, "Mutu yako iko wapi?" Nilikotoka, ndugu walikuja saa za kutembelea na kuondoka kengele ikilia. Hapa walikuja na mikeka, vyungu, kuku aliyefungwa miguu, na hawakuondoka mpaka mgonjwa aondoke. Kila kitanda kilikuwa na watu wawili, watatu, na kimoja, cha mke wa mchungaji, kilikuwa na saba, wakiwemo wawili waliokuja tu kuona hospitali inafananaje. Nilipopita na kipimajoto ilinibidi niruke miguu. Ilitokea mara moja nikampima mtu wa mgonjwa badala ya mgonjwa, maana mgonjwa alikuwa amekaa mkekani anapumzika na mtu wake alikuwa amelala kitandani kujaribu godoro.

Niliruka miguu hivyo kwa miezi kumi, kisha nikatengeneza kadi. Nilizikata mwenyewe kwa rula kutoka kwenye karatasi ngumu nyeupe, nikazitoboa, nikazitundika kwenye kila kitanda. Kila kadi ilikuwa na jina la mgonjwa na, chini yake, jina la mtu wake na undugu wao. Kanuni niliziandika kwa herufi kubwa na kuzibandika mlangoni. Mgonjwa mmoja, mtu mmoja. Mtu huyo awe ndugu. Palipo na shaka, alete barua ya mwenyekiti wa kijiji chake kuthibitisha undugu. Mgonjwa asiye na ndugu, aandikiwe kwa wino mwekundu: HANA. Wazo la wino mwekundu lilikuwa langu na nililionea fahari. Metroni alikuja, akashusha miwani, akasoma kanuni zote nne, akasema, "Mwandiko wako mzuri," akaondoka. Nilichukulia hiyo kuwa sifa kwa kanuni.

Kulikuwa na utulivu wa ajabu wiki iliyofuata. Kila mgonjwa alipata ndugu mmoja, na ndugu huyo akaandikishwa. Nilikaa ofisini na daftari la wodi, nikifurahia safu zake, mpaka nilipoona kitu. Kitanda cha tatu, msichana wa Kikakwa: mtu wake ni shangazi, Zainabu. Kitanda cha tano, bibi wa Kilugbara asiyesikia vizuri: mtu wake ni mdogo wake, Zainabu. Kitanda cha nane, mwanamke Mdinka kutoka Sudan, mrefu kuliko kitanda: shemeji, Zainabu. Kitanda cha kumi, Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Kongo, aliyepasuliwa tumbo: mama mdogo, Zainabu. Na cha kumi na mbili kilisema tu: jamaa sana, Zainabu.

Nilichunguza siku mbili kabla ya kusema neno, na mambo niliyopata niliyaandika kwa mpangilio. Zainabu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, wa Koboko, mnene, mwenye kanga juu ya gauni na sauti iliyofika mapokezi bila kupanda. Alikuwa amekuja miezi tisa kabla yangu kumuuguza dada yake. Dada alipona akaenda nyumbani. Zainabu hakwenda. Alikuwa na mafiga yake katika banda, kona yake ya mkeka, na chungu cha supu kilichokuwa na mgawo wa vitanda vitano. Alifua, aligeuza, alitafsiri Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala, na aliamua nani atumie beseni lipi. Saa nne asubuhi alichemsha kahawa yenye tangawizi, na nilikuwa nimewahi kuandika katika daftari langu kwamba harufu ya kahawa hiyo ilinifanya nikosee kuhesabu mapigo ya moyo ya mtu.

Nilimwita ofisini nikiwa na ushahidi. Alikaa bila kualikwa.

"Mama Zainabu," nilisema, "wewe ni nani wa mgonjwa wa kitanda cha nane?"

"Shemeji."

"Yeye ni Mdinka."

"Ndiyo. Shemeji ya mbali."

"Na wa kitanda cha kumi ni Mkongomani."

"Kongo iko pale tu," alisema, akaonyesha dirishani, na kweli ilikuwa pale tu.

"Mama, una undugu gani na watu hawa?"

Alinitazama kwa muda kama mtu anayetafuta namna rahisi ya kumweleza mtoto. "Sista, mimi nilikuja na dada yangu. Dada alipona. Kitanda ya karibu ilikuwa na mutu hana mutu. Sasa mimi nafanya nini? Naruka yeye, naenda nyumbani?"

Nilimwambia aniletee barua ya mwenyekiti kwa kila undugu, barua tano, au aondoke. Alicheka. Alipoona sicheki, aliacha. Alinyanyuka, akaenda bandani, na kupitia dirisha nilimsikia akifunga vyungu vyake kimoja ndani ya kingine, polepole, ili kila mtu asikie idadi yake. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Haboba, nani nakufukuza?" Akajibu, "Kamba." Mchana huo alipanda gari la Koboko. Nilichukua wino mwekundu nikaandika HANA kwenye kadi tano, kwa herufi zilizo sawa.

Siku tisa wodi yangu ilikuwa imenyooka kama picha. Nataka kuwa mkweli, kwa sababu nimekwisha kuzoea kuieleza hadithi hii kana kwamba nilijuta siku ileile. Sikujuta. Niliona sakafu. Niliona mikeka saba tu, na miguu ya vitanda ikigusa uzi. Ni kweli kwamba wenye HANA walikula kwa kubahatisha, mabaki ya huyu na yule, na kwamba mimi na Ayikoru tulifika nyumbani migongo ikituuma kwa kugeuza watu, na kwamba bibi wa kitanda cha tano alinijibu kila swali kwa kutabasamu, maana hakuwepo wa kumpigia kelele kwa lugha yake. Metroni alipita kila asubuhi, akatazama, akaenda zake. Nilihesabu: yalibaki majuma sita kufikia mwisho wa mwaka wangu.

Siku ya kumi nilishikwa na malaria. Ilinikuta katikati ya wodi nikiwa na trei ya vidonge, na jambo la mwisho ninalokumbuka kabla ya kukaa chini ni kwamba uzi wangu ulikuwa umepinda, au mimi. Daktari aliandika dripu ya kwinini na kulazwa. Kitanda kilichokuwa wazi ni cha kumi na moja, karibu na Mama Furaha. Ayikoru alinilaza, akanichoma sindano, kisha akasimama na kadi nyeupe na kalamu, uso wake ukipigana na kiganja chake.

"Sista Rehema, mtu wako ni nani?"

"Ayikoru, unajua sina."

"Najua. Ila kanuni ya nne." Akasoma mlangoni, kwa sauti ya taratibu, mwandiko wangu mzuri. Kisha akachukua wino mwekundu.

Kwa hiyo nililala chini ya HANA. Sikuwa na shuka, maana yangu ilikuwa imelowa Mvara kwenye kamba. Sikuwa na sahani wala kikombe. Kwinini ililia masikioni kama nzi aliyefungiwa chupani, na kupitia mlio huo nilimsikia Mama Furaha akizungumza na dari. "Kumi: hana. Kumi na moja: hana. Tumekuwa majirani, Sista. Ukipata uji, unitupie kijiko. Nikipata mimi, nitakutupia." Hakupata, nami sikupata. Ayikoru aliniletea chai mara mbili, lakini alikuwa peke yake na vitanda kumi na viwili, na mimi ndiye niliyekuwa nimepanga iwe hivyo. Mchana watu wa vitanda vingine walikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa na simsim, yaani ufuta, na wakaniangalia kwa upole mkubwa bila kunipa, kwa sababu kanuni ilisema mgonjwa mmoja, mtu mmoja, na wao walikuwa watu wa kufuata kanuni nikiwa natazama. Nilitaka kwenda chooni. Nilikaa na hitaji hilo saa nzima, nikitazama dripu, nikikokotoa umbali.

Ni nani aliyepeleka habari Koboko sijawahi kujua, na nimeuliza sana. Ninachojua ni kwamba kesho yake, saa tano, nilisikia ile sauti getini. Mlinzi alikuwa anamzuia. Mlinzi alisema, "Kanuni, Haboba. Lazima ndugu, na barua." Sauti ikasema, "Barua iko." Mlinzi akaikunjua, akaisoma kwa sauti. Wodi nzima iliacha kutafuna. Mwenyekiti wa kijiji cha Zainabu alikuwa askari mstaafu na aliandika Kiswahili cha kambini, na mlinzi alisoma kama anavyosoma mtu kwenye gwaride:

"Kwa Mukubwa ya Hospitali. Mimi mwenyekiti najua mutu hii. Sista Rehema iko mutoto ya Zainabu. Amezaliwa hapa Koboko, nyuma ya soko. Tabia yake iko mubaya kidogo lakini watu nazoea. Mama yake apewe nafasi ya kukaa na yeye mpaka apone. Mimi mwenyewe, na muhuri."

Zainabu aliingia na vyungu vyake. Hakunisalimu. Alitandika shuka ya maua chini yangu kwa kunibiringisha mara mbili, akanipeleka chooni akishika chupa ya dripu juu kama taa, akanirudisha, akanikalisha. Kisha akafungua chungu. Ilikuwa supu ya mbuzi yenye limau na pilipili manga, na kulikuwa na kisra, ile mikate myembamba ya mtama inayokunjwa kama kitambaa. Alimega, akachovya, akanilisha mdomoni. Tonge la pili lilimwendea Mama Furaha. La tatu lilikuja kwangu.

"Umeandikisha uongo," nilimwambia nilipoweza kusema.

"Kula."

"Mama, mimi ni mtu wa Morogoro."

"Unaona?" alimwambia Mama Furaha. "Mwenyekiti alisema tabia."

Alikaa nami siku tano na kuwalisha wote watano wa zamani, na mimi, mwenye kanuni, nilikuwa nimelala hapo nikihesabu makosa na kuomba supu. Usiku wa kwanza bila homa nilifikiri juu ya ile barua. Ilikuwa ya uongo kuanzia salamu hadi muhuri. Kama ningeikubali, nimevunja kanuni zangu mbele ya wodi yote, majuma matano kabla ya kuthibitishwa. Kama ningeikataa, ilinibidi nimfukuze mwanamke aliyekuwa ameninyanyua chooni. Nilipopata nguvu za kusimama nilivaa sare, nikafungua uzi, nikakusanya kadi zote kumi na mbili, nikachukua na barua, nikaenda kwa Metroni.

Nilimpa taarifa kwa mpangilio. Nilisema kanuni ni zangu, zimeshindwa, na mtu wa kwanza kuzivunja kwa cheti cha uongo ni mimi. Nilisema kama ni barua ya kushukuriwa, niko tayari, ingawa niliwaza ule mkoba. Metroni alitafuta miwani mezani, akaipata kichwani, akavuta droo ya chini. Mlikuwa na kadi. Za njano, za buluu, nyingine za kijani zilizokatwa kwa meno ya mkasi. "Hizi ni za aliyekutangulia," alisema. "Hizi za yule kabla yake. Hizi za kijani ni zangu." Aliweka zangu juu, akazisawazisha. "Zako ndizo safi kuliko zote. Ila hakuna kati yetu aliyefikiria wino mwekundu."

Kisha akasoma barua. Aliisoma polepole, na kwenye neno tabia akarudi nyuma akaisoma tena.

"Una tatizo, Sista," alisema. "Muuguzi asiyefaa namrudisha kwao. Hapa imeandikwa, na muhuri upo, kwamba kwenu ni Koboko. Sasa nikikurudisha, nakurudisha wapi? Utapanda gari asubuhi, mchana utakuwa umerudi na vyungu."

Barua ya kuthibitishwa ilikuja majuma matano baadaye, kwa taipu, na nimeipoteza. Ya mwenyekiti sijaipoteza. Siku niliyothibitishwa Zainabu alinichukua Koboko kwa mara ya kwanza, akanipitisha nyuma ya soko, akanionyesha ukuta mmoja na kusema kwa uso mkavu, "Hapa ndiyo nilikuzaa." Mwenyekiti alikuwapo. Alinishika mkono na kusema nimekua.

Mambo hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wiki tatu zilizopita nilipofika Koboko na bahasha mkobani na chumvi kwenye kikapu. Mlangoni mwa wodi alisimama muuguzi kijana, sare yake imepigwa pasi mpaka inakata, mkononi ana daftari lenye mistari ya rula. Nilimpenda hapohapo na nikamwonea huruma.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mtoto wake."

Alinisikiliza matamshi. "Mtoto wa kumzaa?"

Nilimpa karatasi. Aliikunjua kwa uangalifu, kwa maana sasa inakatika kwenye mikunjo, akaisoma, akaigeuza, akaukagua muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mtu wa kazi. Akageuka, akauliza kwa sauti hadi kitanda cha mwisho, ambapo Haboba Zainabu, mweupe kichwa, mguu mmoja ukiwa kwenye plasta, alikuwa anamfundisha mgonjwa wa pembeni namna ya kulala.

"Haboba, hapa imeandikwa mutoto yako tabia yake iko mubaya kidogo. Ni huyu?"

Alinitazama kutoka juu hadi chini, na macho yakatua kwenye kikapu.

"Chumvi iko?" aliniuliza.

"Iko," nilisema.

"Basi mutu iko," alimwambia muuguzi. "Andika."